Kitabu cha Malezi Hupimwa Kama Nguo



Leo tuna neno ambalo limetukaa kifuani muda mrefu, nalo ni la vitabu vya malezi ya watoto wachanga. Sisi kazi yetu ni cherehani. Tunashona nguo za vichanga, vishuka, vikofia na vimito, na wajawazito wanaokuja kuchukua nguo hawaulizi bei tu. Wanakaa kwenye benchi, wanakunywa maji, wanauliza mengine. Swali tunaloulizwa sana siku hizi ni hili: "Dada, ninunue kitabu gani cha kulea mtoto?"

Zamani tulikuwa tunajibu upesi. Siku hizi tunamwambia akae kwanza, kwa sababu tulishawahi kununua kitabu kwa pesa zetu wenyewe, tukampa mtu tunayempenda, na kitabu kile kilitaka kutuletea balaa nyumbani.

Mdogo wetu alipokuwa na mimba ya kwanza, sisi tulikuwa tumekwenda Dar es Salaam kufuata vitambaa. Tukakiona kitabu kizuri, jalada jeupe, kichanga kimelala usingizi wa raha. Kimeandikwa kwa Kiingereza, na mdogo wetu Kiingereza anakijua vizuri kuliko sisi. Tukasema hii ndiyo zawadi ya mtu aliyesoma. Hatukufungua hata ukurasa mmoja. Tulikinunua kwa jalada, sisi ambao mteja akichagua kitambaa kwa rangi peke yake tunamkataza, tunamwambia kishike kwanza, kivute, kitazame kwa ndani.

Kitabu kile kilikuwa na ratiba. Mtoto anyonye kila baada ya saa nne, usiku apumzishwe kunyonya mapema iwezekanavyo, akilia kabla ya saa yake aachwe, atazoea. Mdogo wetu akaifuata ratiba kama mtu anayefuata kipimo. Mama yetu, aliyekuwa akimtazama mzazi ndani ya arubaini, akawa anasema, "Mwanangu, huyu mtoto ana njaa." Anajibiwa, "Mama, bado dakika arubaini." Na sisi, Allah atusamehe, tulimuunga mkono mdogo wetu. Tulimwambia Mama kwamba dunia imebadilika, wataalamu wameandika.

Mtoto alizaliwa na kilo 3.1. Alipopelekwa kliniki ametimiza wiki nne alikuwa na kilo 3.0. Nesi aliitazama kadi, akamtazama mtoto, akamuuliza mzazi, "Ananyonya mara ngapi kutwa na usiku?" Mdogo wetu akahesabu: mara tano. Nesi hakugomba. Alimvutia kiti, akamwambia, "Kaa hapa, mnyonyeshe sasa hivi nikuone." Akamrekebisha namna ya kumpakata, akamwambia mtoto wa umri ule ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku nzima, usiku na mchana, kila anapotaka. Akampa siku ya kurudi karibu, na akamwambia asingoje siku hiyo akiona mtoto amelegea au amekataa ziwa.

Tulirudi nyumbani kimya. Njiani Mama naye akatoboa siri yake. Kila mdogo wetu alipokuwa akioga, yeye alikuwa akimpa mtoto vijiko viwili vya maji ya asali, kwa kumuonea huruma. Nesi alipoambiwa safari iliyofuata alishika kichwa. Asali haifai kabisa kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka, maana inaweza kuwa na vijidudu vinavyozaa sumu kwenye utumbo wa mchanga, sumu inayolegeza misuli hadi pumzi. Na maji yenyewe humjaza tumbo bila ya kumshibisha, akawa hanyonyi vya kutosha, na maziwa ya mama nayo hupungua yasiponyonywa.

Basi tazameni, dada zetu. Kitabu kilikosea. Sisi tulikosea. Mama aliona njaa ambayo sisi hatukuiona, na bado naye akakosea kwa dawa aliyoitumia. Kilichomuokoa mtoto ni karatasi ya kliniki yenye mstari wa uzito, na mtu aliyekaa akamtazama mtoto mwenyewe. Alhamdulillah, mstari ulipanda, na leo kijana anakimbia uani na kuvunja vikombe vya watu.

Tangu siku ile tuna msimamo, na ndio tunaotaka kuusema leo. Kitabu cha malezi ni kitu kizuri, tena kinahitajika. Lakini kitabu ni kama karatasi ya kukatia nguo. Aliyeichora hajamuona atakayevaa. Fundi akiiweka juu ya kitambaa na kukata bila ya kumpima mtu, atashona nguo ya mtu mwingine. Kwa hiyo kabla ya kununua, kipimeni kitabu. Sisi tunakipima hivi.

Kwanza, tazama mwaka na mwandishi

Kwenye kurasa za mwanzo mna mwaka wa kuchapishwa. Usiuruke. Visiwani kwetu vitabu vingi huja na mizigo ya mitumba, au shangazi aliyeko Uingereza hutuma alichokuwa nacho kabatini. Kitabu kinaweza kuwa kipya mkononi mwako na kizee kwa elimu yake.

Chukua mfano wa Dk. Benjamin Spock wa Marekani. Kitabu chake kilitoka mwaka 1946, kikafasiriwa kwa lugha nyingi na kuuzwa kwa mamilioni, na mama wengi walikipenda kwa sababu kiliwatia moyo badala ya kuwatisha. Lakini kuanzia matoleo ya miaka ya 1950 kilishauri mtoto mchanga alazwe kifudifudi, kwa kudhani akitapika akiwa chali atapaliwa. Ilikuwa nia njema. Baadaye ikabainika kwamba watoto wanaolazwa kifudifudi ndio wanaokufa zaidi usingizini bila ya sababu kuonekana. Uingereza walianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, Marekani mwaka 1994, na vifo hivyo vikapungua sana. Kitabu chenyewe kilisahihishwa. Nakala za zamani hazikusahihishwa, bado ziko kwenye masanduku ya watu.

Na ile ratiba ya saa nne iliyotusumbua sisi ni kongwe zaidi. Mwanzoni mwa karne iliyopita daktari mmoja wa New Zealand, Truby King, aliifanya iwe maarufu, pamoja na kutomnyonyesha mtoto usiku. Wataalamu wengi wameiacha, lakini kila baada ya muda huibuka mwandishi akaivisha jalada jipya. Kwa hiyo mwaka peke yake hautoshi. Uliza pia, aliyeandika ni nani? Ni daktari wa watoto, mkunga, nesi, au ni mtu mwenye mtoto mmoja na simu nzuri?

Pili, tafuta ukurasa wa dalili za hatari

Fungua kitabu, tafuta mahali panaposema, "Ukiona haya, mpeleke mtoto spitali sasa hivi." Kama hakuna, kirudishe rafuni hata kikiwa na picha nzuri namna gani.

Kwa kichanga, kitabu cha maana kitakutajia angalau haya: amekataa ziwa au hawezi kunyonya, ana degedege, anapumua mbio, yaani pumzi 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, ana homa ya nyuzi 37.5 au zaidi, au kinyume chake amekuwa wa baridi. Amelegea na hatikisiki mpaka aguswe. Viganja na nyayo zimekuwa za manjano. Kitovu kimekuwa chekundu au kinatoa usaha. Mambo haya hayangojei asubuhi, wala hayangojei mganga aje kutazama kama ni jicho. Somo la jicho na dua za kinga lipo na tunaliamini, lakini mtoto asomewe njiani anapelekwa spitali.

Kwa mtoto mkubwa kidogo, tazama kinasema nini juu ya kuharisha. Kitabu kizuri kitakwambia endelea kumnyonyesha na kumlisha, mpe maji ya ORS kidogo kidogo, na atumie zinki kwa siku 10 hadi 14 kama alivyoelekezwa. Kitabu kinachosema mtoto anayeharisha anyimwe chakula na kinywaji ili tumbo lipumzike, hicho kifunike.

Tatu, kiulize kinaijua nyumba yako

Tunashona, basi hili tunaliona kwa macho kila mwaka. Mwezi wa Februari, kaskazi imepamba moto, joto limepita nyuzi 30, mtu anakuja kuagiza kofia za sufi, soksi za sufi na blangeti zito, kwa sababu kitabu kimesema mtoto avishwe tabaka juu ya tabaka. Kitabu hicho kimeandikwa kwa nyumba za baridi. Uingereza wanashauri chumba cha mtoto kiwe nyuzi 16 hadi 20. Sisi nyuzi 20 tunazionea wapi? Mtoto wetu anahitaji kitambaa chepesi cha pamba, na kuguswa kifuani au nyuma ya shingo kuona kama ana jasho. Tunapoteza biashara ya blangeti tunaposema hivi, lakini tunalala vizuri.

Tazama pia kama kitabu kinataja chandarua. Tazama kwenye sura ya chakula. Mtoto akitimiza miezi sita anaanza kula, na kitabu kinachokutajia mboga usizozijua na vikopo vya dukani kitakufanya ujione maskini, na huku uani kuna mpapai, sokoni kuna boga, viazi vitamu, maharage, dagaa na samaki asiye na miiba mingi. Kama kitabu kimeandikwa kwa watu wa mbali lakini kinaeleza sababu, yaani chakula cha kutia nguvu, cha kujenga mwili, cha kuongeza damu, hicho unaweza kukifasiri kwa jiko lako. Kikitoa amri tu bila ya sababu hakifasiriki.

Nne, tazama nani amelipia

Vipo vitabu na vijitabu vinavyotolewa bure, vya karatasi nzito inayong'aa. Geuza nyuma uone nembo. Ikiwa ni ya wauzaji wa maziwa ya kopo, jua kwamba hilo ni tangazo lililovaa nguo za ushauri. Jambo hili lilishaleta madhara hata Shirika la Afya Duniani likapitisha kanuni mwaka 1981 za kuzuia matangazo ya namna hiyo kwa wazazi. Yupo mama anayehitaji maziwa ya kopo kwa sababu ya maradhi au msiba, huyo hatumsemi, Allah amsahilishie. Tunasema mwenye duka asikufanye uone maziwa yako hayatoshi ili apate kukuuzia yake.

Tano, kiwe na upindo

Fundi mzuri wa nguo za watoto huacha upindo wa kutosha ili nguo iachiliwe mtoto anapokua. Kitabu kizuri nacho huacha nafasi. Kikikwambia mtoto atatembea akitimiza mwaka mmoja kamili, kimekubana bure. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vinaonyesha watoto wazima wenye afya huanza kutembea wenyewe kuanzia kama miezi 8 hadi 17 na nusu. Tofauti kubwa hiyo, na wote ni wazima. Akina mama wangapi wamelia kwa sababu mtoto wa wifi yake ametembea mapema? Lakini upindo nao una mwisho. Kitabu kikuambie pia ni wakati gani mtoto akiwa bado, umuone daktari badala ya kungoja na kusema "atafanya tu".

Sita, dini na afya, kila kitu mahali pake

Hapa tunaomba tusikilizwe vizuri, kwa sababu wapo wanaotuambia, "Nyie mnauliza nini? Nunueni kitabu cha Kiislamu, basi."

Vitabu vya dini vya malezi vipo na tunavihitaji. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu za mtoto anayezaliwa, Tuhfat al-Mawdud: jina, akika, kunyoa nywele, kutahiri, kunyonyesha. Karibu na zama zetu Sheikh Abdullah Nasih Ulwan wa Syria ameandika Tarbiyat al-Awlad juu ya malezi ya watoto katika Uislamu. Hivi ni vya kutufunza adabu, haki za mtoto, na nini tumpe kabla hajajua kutudai. Lakini kitabu kuwa na Bismillahi mwanzoni hakumfanyi mwandishi kuwa daktari. Tumeona vijitabu vyenye aya juu ya jalada na ndani yake mna maneno ya kuwatisha watu wasichanje watoto. Aya ni ya haki, maneno yake yeye si aya. Mtoto apelekwe kuchanjwa: BCG na polio anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, na surua na rubella miezi 9 na miezi 18. Kadi inasema.

Na upande wa pili, kitabu cha daktari wa nchi za nje kinaweza kuwa sahihi kwa homa na kisijue jambo letu kubwa. Mfano ni maziwa ya mama mwingine. Vitabu vingine vinasifu kuchangiana maziwa au kuyachukua kwenye benki ya maziwa, kama vile ni kuazimana sukari. Kwetu kunyonya ndani ya miaka miwili kunaleta undugu, na kwa madhehebu yetu ya Shafi ni kunyonya mara tano. Mtoto wako anapata mama, kaka na dada asioweza kuwaoa. Si kwamba haifai, Mtume wetu, rehma na amani zimshukie, mwenyewe alinyonyeshwa na Bi Halima. Lakini inataka kujulikana, kuandikwa na kukumbukwa ukoo mzima. Kitabu hicho hakitakukumbusha, ujikumbushe wewe.

Vivyo hivyo mambo yetu ya mila tusiyafiche nyuma ya dini. Wanja wa kumpaka kichanga machoni, ambao baadhi yake una madini ya risasi yanayodhuru ubongo, si Sunna ya kichanga. Asali tumeshaisema. Tahniki iliyopokewa ni ya tende, kidogo tu kaakaani, mikono ikiwa safi.

Saba, kinasema nawe vipi?

Soma kurasa tatu. Ukimaliza, je, unajiona umesaidiwa au umetukanwa? Mzazi wa wiki mbili amechoka, kifua kinamuuma, usiku halali. Kitabu kinachomfanya aone aibu kumuuliza mama yake au nesi ni kitabu cha hatari, hata kikiwa sahihi kwa mengine yote. Kosa kubwa la kitabu chetu kile lilikuwa hilo zaidi kuliko saa nne. Kilimwambia mdogo wetu asiwasikilize wazee. Kilimfungia mlango.

Hapa tuna ugomvi mdogo na methali yetu wenyewe. Watu wanapenda kumwambia mzazi, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Methali ya kweli, lakini ni ya mtoto mwenye akili ya kudeka, si ya kichanga wa wiki tatu. Kichanga hana ujanja, kilio chake ndio ulimi wake. Tumefundishwa kwamba Mtume, rehma na amani zimshukie, alikuwa akianza Sala na nia ya kuirefusha, akisikia mtoto analia akaifupisha, kwa kumuonea huruma mama yake. Kama Sala ya jamaa nyuma ya Mtume ilifupishwa kwa kilio cha mtoto, ratiba ya kitabu ni kitu gani hata isiweze kusogezwa?

Na je, bibi zetu?

Najua wapo wanaosema, "Bibi zetu walilea kumi bila ya kitabu." Sisi tunawaheshimu bibi zetu, na tunajua kwamba hawakulea peke yao. Walikuwa na mkunga, somo, mama mkwe, jirani wa kumkanda mzazi na kumpikia uji wa pilipili manga. Hicho kilikuwa kitabu chao, kikisomwa kwa mdomo. Leo wangapi wetu tunajifungua na kurudi kwenye chumba cha kupanga mjini, mume kazini, mama yuko Pemba? Kitabu kinaingia mahali palipobaki wazi.

Na siku moja ukiwa umetulia na bibi yako, muulize kwa adabu: ulizaa wangapi, na waliokua ni wangapi? Sisi tulimuuliza wetu. Alitutajia majina ya wale ambao hatukuwahi kuwaona, mmoja mmoja, na la kila mmoja alilikumbuka. Surua, kuharisha, homa. Tangu hapo hatusemi tena kwamba zamani mambo yalikuwa mepesi.

Wengine wanasema hawana pesa ya kitabu, au cha Kiingereza hawakiwezi. Hilo ni kweli, na vya Kiswahili vizuri ni vichache. Lakini kitabu cha kwanza kila mzazi anacho tayari, ni ile kadi ya kliniki. Watu wanaitia kwenye mfuko wa plastiki na kuitoa siku ya kupima tu. Isome. Muombe nesi akuoneshe mstari wa uzito unakwendaje. Kipo pia Mahali Pasipo na Daktari, kilichofasiriwa kwa Kiswahili kutoka kitabu cha David Werner, ambacho si cha watoto peke yao lakini kinaeleza kwa picha na lugha nyepesi. Nacho pia tazama mwaka wa nakala uliyoipata, na dozi za dawa uziulize kituoni. Kitabu kingine chochote utakachonunua kilingane na kadi. Vikipingana, nenda nacho kliniki, kioneshe, uliza. Usione haya.

Na kinunuliwe mapema, mimba ikiwa na miezi sita au saba, kisomwe kabla ya uchungu. Mtu hajifunzi kushona usiku wa kuamkia Idi. Tena kisisomwe na mmoja. Qur'ani katika Suratul Baqara, aya ya 233, inapozungumzia kunyonyesha miaka miwili, inasema wazazi wawili wakitaka kumwachisha mtoto kwa kuridhiana na kushauriana, hapana lawama juu yao. Tulikuwa tunaipita aya hii bila ya kuizingatia. Kuachisha ziwa tu, jambo la mtoto mmoja ndani ya nyumba, Mola wetu amelitia ushauri. Basi baba naye asome. Bibi asomewe. Kitabu kikae kwenye mkeka pamoja na watu, kiwe mmoja wa washauri. Tatizo letu tulikipa uenyekiti.

Mdogo wetu sasa ana mimba ya pili, miezi saba, mumuombee. Safari hii kitabu kilichaguliwa na watu wanne. Yeye alitazama dalili za hatari, mumewe alitazama mwaka, sisi tulitazama sura ya nguo na joto, maana hiyo ndiyo tunayoijua. Jioni baada ya Laasiri anamsomea Mama kwa kufasiri, ukurasa mmoja au miwili. Mama anasikiliza huku anachambua mchele. Mahali pengine anasema, "Hapo kweli." Pengine anasema, "Hilo muulize nesi kwanza." Juzi walifika kwenye asali. Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Weka alama hapo, nisije nikasahau."

Allah awajaalie wazazi wetu kheri kwa walivyotulea, awape wajawazito wetu uzazi mwepesi, na awafanye watoto wetu kitulizo cha macho yetu. Amin.